Sijaona na fumbo lililomfungia mlango wa unyago

Saa tisa alasiri ya Jumapili, nyuma ya soko la Newala mjini, Sijaona Muharami anafunika cherehani yake kwa kipande cha turubai. Anavuta meza ya kukatia nguo hadi katikati ya chumba, kisha anatandaza ramani aliyoichora kwa mkono nyuma ya kalenda ya mwaka jana.

Wachezaji ni wawili. Miezi kumi na mitatu iliyopita walikuwa saba.

"Mmefika kisimani," anawaambia kwa sauti ya chini. "Ukingoni amekaa zimwi jike, kawapa mgongo, analia. Hana silaha. Mnafanya nini?"

Nasibu, dereva wa bodaboda mwenye miaka 26, anataka kumkata kichwa. Sijaona anamkumbusha kuwa upanga wake ulivunjika Jumapili iliyopita. Mwenzake Eliakimu, fundi redio, anashauri waimbe ili zimwi apate usingizi. Anaimba kweli, vibaya mno, na zimwi halali.

Inapita robo saa nzima kabla Eliakimu hajapata wazo la kumuuliza zimwi analia nini. Kumbe kafiwa na mwanawe. Wanakaa naye, wanampa pole, naye anawapisha wachote maji.

Huu ni mchezo wa kusimulia na kuigiza mezani. Kila mchezaji ana mhusika wake: mwindaji, mganga, mwizi aliyetubu. Wanasafiri pamoja katika nchi ya kubuni, na pale ambapo haijulikani kama mtu atafaulu au la, hurusha dadu yenye nyuso ishirini. Kazi ya Sijaona ni kutunga kila kinachowazuia njiani.

Sijaona ana miaka 38. Mchezo huu aliukuta Lukuledi alipokuwa akishona sare za wanafunzi. Mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka ughaibuni aliondoka akaacha boksi la dadu na kitabu kisicho na jalada. Alikisoma kwa miezi minane, kamusi mkononi.

"Kitabu kilikuwa kinapigana tu, ukurasa kwa ukurasa," anasema. "Nikaona hapana, watu watachoka. Kikwazo cha kwanza kikiwa cha miguu, cha pili kiwe cha ulimi. Kinachofuata kiwe cha moyo. Mtu akizoea kupita kwa nguvu, mpe mlango usiosukumwa."

Madaftari yake ni kumi na moja, na ndani yake mna vikwazo zaidi ya mia nne. Vingi vimetoka katika maisha ya hapa hapa uwandani. Kuna mteremko wa kuchota maji bondeni aliokuwa akiushuka na mama yake, ambao kwenye mchezo una kona tisa na kila kona inadai ilipwe maji kidogo. Kuna pia jini mlinda lango ambaye hakatai wala hakubali, husema tu njooni kesho. Wachezaji wake walicheka hadi machozi, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na ofisi yake akilini.

Siku nzuri ya kushona humpa shilingi elfu sita. Mezani kila mchezaji huchangia elfu moja. Si kazi ya kumtajirisha mtu, naye hajawahi kudanganyika kwamba ni hivyo.

Mwezi Oktoba mwaka jana vikwazo vilimwishia. Sare zilikuwa nyingi, Jumapili ikamkuta hana kitu kipya, na watu saba wamekaa wanamsubiri. Akachukua pale ambapo hakupaswa kugusa.

Katika unyago, ambao wazee wa huku bado huuita chiputu, wali, wasichana wanaovunja ungo, hufundwa kwa mafumbo. Majibu yake hayatoki nje, na hasa hayafiki masikioni mwa wanaume. Sijaona alichezwa unyago akiwa na miaka kumi na mitatu, huko Mkunya. Fumbo alilolichukua ni mojawapo ya hayo, na gazeti hili halitalirudia.

"Nilibadilisha maneno," anasema. "Nikaweka pango, nikaweka mlango wa jiwe unaouliza. Nilijiambia si lenyewe tena. Mimi ni fundi, najua. Nilibadilisha nguo, mwili nikauacha uleule."

Kwenye mchezo, maji yalikuwa yakijaa pangoni. Kila mhusika alipaswa kujibu, na asiyejibu angezama. Kati ya wachezaji saba mwanamke alikuwa mmoja tu, Esther Selestini, muuza maandazi, ambaye naye alichezwa. Alilitambua fumbo papo hapo.

Esther hakufungua mdomo. Zamu yake ilifika mara tatu, na mara tatu alitazama meza. Mhusika wake, mganga aliyemlea mchezoni kwa miaka mitatu, alizama.

Kisha Nasibu akarusha dadu, ikatua kwenye ishirini. Kwa sheria ya mchezo, ishirini humpa mchezaji haki ya kudokezewa. Sijaona akamdokeza. Nasibu akajibu, na akapatia.

"Nilipiga makofi," anasema Sijaona. Anaokota uzi sakafuni na kuuzungusha kidoleni. "Nilifurahi kwamba kikwazo kimefanya kazi. Nilipogeuka, Esther alikuwa ameshachukua mkoba wake."

Nasibu hakujua alichokuwa nacho. Kesho yake alilipeleka fumbo kijiweni, kwenye kahawa, akawategea wanaume wenzake na kuwapa jibu. Anaeleza kwamba angejua asingethubutu, na kwamba ndiyo sababu mpaka leo hakosi Jumapili hata moja. Anaona aibu kumwachia Sijaona meza tupu.

Siku hiyohiyo Esther alipanda pikipiki hadi Mkunya, akamweleza kungwi, Bibi Veridiana. Wanawake walikaa kikao. Sijaona alitozwa mbuzi na unga, na akapigwa marufuku kukanyaga penye unyago. Wachezaji wanne waliacha kuja, wengine kwa amri ya mama zao. Wanawake waliokuwa wakimletea vitambaa vya kushona sasa huvipeleka kwa fundi mwingine.

Yote hayo angeyavumilia. Linalomkosesha usingizi ni Faidha.

Faidha ana miaka kumi na minne, amemaliza darasa la saba, na ni mtoto wa Pili, dada yake Sijaona, aliyefariki kwa uzazi miaka sita iliyopita. Tangu hapo Sijaona ndiye anayemlea. Kabla hajakata roho, Pili aliomba jambo moja: siku ya Faidha ikifika, somo wake awe Sijaona. Somo ndiye anayekaa na mwali ndani, anayemshika mkono siku ya kutoka, na anayebaki wa kwake maisha yote. Ukoo huku huhesabiwa kwa upande wa mama. Katika ukoo wao mwanamke mtu mzima aliyebaki ni Sijaona peke yake.

Wali wanaingia wiki ya pili ya Desemba.

Jumatatu iliyopita mwandishi wa makala haya alifuatana naye hadi Mkunya, alikokwenda kuomba marufuku iondolewe. Bibi Veridiana, aliyevuka miaka sabini, alikuwa barazani akimenya muhogo. Sijaona alipiga goti, akamwamkia shikamoo. Marahaba ilikuja ikiwa imechelewa kidogo.

Walipofika kwenye undani wa mambo, mwandishi aliombwa kuhamishia kigoda chake upande wa pili wa uwanja. Aliporuhusiwa kurudi, Sijaona alikuwa ameinamisha uso. Mbuzi alipokelewa, lakini marufuku inabaki. Tena limeongezwa jambo: mwaka huu wali watafundishwa wimbo mpya, unaoeleza kosa la mwanamke aliyeyatoa ya ndani akayaweka mezani mbele ya wanaume.

Bibi Veridiana hakusema kwa hasira. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo lililokuwa zito kulibeba.

"Wewe na mimi kazi yetu moja," alimwambia. "Sote tunampa mtu mtihani. Ila wako akishindwa anatengeneza mtu mwingine, anacheza tena. Wangu akishindwa ndiye huyohuyo, anarudi nao nyumbani."

Kisha akasema Faidha hatakosa somo kwa kosa la mama yake mdogo. Sijaona mwenyewe atafute wa kusimama badala yake, na jina lake alilete Jumamosi.

Sijaona alirudi Newala. Siku mbili zilizofuata aliandika majina kwenye daftari lake la kumi na moja, akayakata. Jirani yake ni mwema ila hatulizi ulimi. Mke wa binamu yake angekubali haraka, kwa ajili ya sherehe. Anakiri kwamba kwa miaka kumi amewafungia watu njia kila Jumapili, na hajawahi kutunga kitu kigumu namna ile.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, alikwenda kwenye kibanda cha Esther. Walikuwa hawajazungumza kwa miezi kumi na mitatu. Esther aliendelea kugeuza maandazi kwenye mafuta, na wateja wawili wakaondoka wenyewe walipoona hali ilivyo.

Sijaona alimweleza kilichompeleka. Esther aliepua karai, akaliweka chini.

"Mama Faidha, mimi ndiye niliyekwenda kukusema."

"Najua. Na ndiye uliyekubali kuzama."

Esther alijifuta uso kwa upindo wa kanga. Alisema atakwenda, lakini tangu sasa lieleweke: atakayoyasikia ndani hatamletea, hata kama yanamhusu yeye mwenyewe. Sijaona akamjibu kwamba ndiyo sababu amekuja kwake.

Sasa kwenye cherehani kuna gauni la njano, la Faidha, la siku ya kutoka. Lisipokuwa tayari Desemba, hakuna mwingine wa kulishona. Sijaona ameambiwa anaweza kusimama barabarani pamoja na watazamaji wengine, na msafara utampita hapo.

Mipango yake si mingi. Ataendelea na meza, hata akibaki na mchezaji mmoja, na kila kikwazo kipya atakitunga mwenyewe, kibaya au kizuri. Faidha bado hajaambiwa kwa nini mama yake mdogo hataingia naye. Ataambiwa humo ndani, kwa wimbo, na atauimba pamoja na wenzake.

"Atatoka anajua nilichofanya," anasema Sijaona, mguu ukiwa bado juu ya pedali. "Atakuja hapa, atakula, atalala kitanda chake. Mimi najijua, sitaweza kujizuia. Kuna siku nitamuuliza, mwanangu, walisema nini juu yangu?"

Anakata uzi kwa meno.

"Naomba Mungu, siku hiyo mtoto asinijibu."