Zuhura wa Utepe Mwekundu

Kutoka Songea mpaka Kilwa Masoko nilitumia siku tatu, na moja kati ya hizo niliimalizia Tunduru nikiwa nimekalia begi langu, nikisubiri basi lipate springi. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, mashati mawili na barua ya kunikubali kuwa msaidizi wa maktaba. Kabla ya hapo nilishauza mitumba Makambako na kupima tumbaku Namtumbo, na kote niliondoka bila kufukuzwa. Nina ugonjwa wa kuondoka. Leo nimepita arobaini, maktaba nimeiacha kabla ya mvi kunifikia, na haya nawaandikia ninyi vijana mnaobonyeza nyota tano kwenye simu mkidhani mmetoa maoni.

Mkuu wangu alikuwa Bi Mkutubi, mama mfupi aliyefunga miwani yake kwa kamba ya kiatu. Siku ya kwanza hakuniuliza kama napenda kusoma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unajua kubandika?" Akanipa gundi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kitabu kikifika tunakipa namba, tunakigonga muhuri, halafu tunabandika mfuko wa kadi ndani ya jalada la nyuma. Msomaji akiondoka na kitabu, kadi inabaki kwetu kama shahidi. Mgongoni tunaweka utepe wa rangi: bluu ni upelelezi, kijani ni majini na mashetani, njano ni historia, nyekundu ni mapenzi. Bi Mkutubi aliamini kwamba rangi haihitaji maelezo. Imani hiyo ilikuja kunigharimu.

Wasomaji wote walikuwa na swali moja: "Hiki kikoje?" Siku moja nikamjibu mama mmoja kwamba kile cha kijani asikiogope, jini lenyewe linakimbia tochi. Bi Mkutubi akaniita pembeni.

"Wewe unauza samaki?"

"Hapana, mama."

"Basi usiwaambie watu kipi kimeoza. Kazi yako kukitunza kitabu, siyo kukihukumu."

Nikanyamaza mwaka mzima. Kisha wakafungua chumba cha vitabu kule kijijini Sudi, nikapelekwa peke yangu na makabati mawili. Wiki za mwanzo waliingia mbuzi tu. Ndipo nikaanza vikaratasi. Kila riwaya niliyosoma niliiwekea maoni yangu ndani, nikatia sahihi na muhuri, kwa sababu watu huheshimu muhuri kuliko mwenye nao.

Kuhusu moja ya upelelezi niliandika: "Mpelelezi anavuta sigara kurasa thelathini. Muuaji angeweza kuoa na kusomesha." Ya historia: "Vita ni vizuri, ila sultani anahutubia mpaka farasi wanalala." Ya safari za angani: "Wametua kwenye sayari ya watu na hakuna hata mmoja aliyebisha hodi." Watu wakaanza kuja. Wengine walisoma vikaratasi tu, wakacheka, wakaaga.

Msomaji wangu mkubwa alikuwa Fundi Hemedi, mtengeneza baiskeli, ambaye hakusoma kitu kisicho na maiti. Siku moja bluu zote ziliazimwa, naye akachukua yenye utepe mwekundu. Alidhani nyekundu ni damu. Nami nilikuwa nahudumia wengine, nikapokea kadi bila kutazama. Nyumbani kwake karatasi yangu ikadondoka mkekani. Ilisema hivi:

"Zuhura amenikosesha usingizi siku tatu. Mumewe namhurumia, ila ubahili wake umezidi. Ningekuwa yule dereva, ningeshatoroka naye."

Mke wa Fundi Hemedi anaitwa Zuhura.

Fundi alinijia na spana mkononi. "Bwana Vitabu! Hayo ya kutoroka tutayazungumza. Lakini ubahili, nani kakwambia?"

Kesi ikafika kwa Mwenyekiti wa kijiji. Bi Mkutubi, aliyekuwa Lindi kwa ukaguzi, akafika kesho yake na miwani yake. "Kama umemwandikia mke wa mtu kwa muhuri wangu," alisema, "leo hii unarudi Songea." Hapo nikagundua jambo geni: kwa mara ya kwanza maishani sikutaka kuondoka mahali.

Nikajitetea kwamba Zuhura huyo ni wa kwenye kitabu.

"Thibitisha," alisema Mwenyekiti. "Soma."

Nikasoma mbele ya baraza. Ukurasa wa tatu Zuhura akatokea, akiwa na kanga na mume mgumu wa mkono. Mwenyekiti akasema kesi imekwisha. Hakuna aliyeinuka.

"Endelea," alisema Fundi Hemedi. "Nataka kuona huo ubahili unafananaje."

"Na mimi," alisema mkewe kutoka mbele kabisa. "Hapo pa kuficha sukari parudie, baba Mwajuma asikie vizuri."

Kikao kiliahirishwa mara mbili kwa ajili ya adhana, siyo kwa ugumu wa kesi. Siku ya pili walikuja na mikeka. Zuhura wa Fundi alimsema wajina wake wa kitabuni wazi: "Kumwacha mume sawa, lakini kwa dereva? Leo yuko Masasi, kesho Tunduru! Huyo utamdai chakula wapi?" Nilihisi ananisema mimi.

Siku ya tatu, kitabuni dereva amewasha lori, Zuhura ameshika mlango, nikafunua ukurasa na kukuta gundi kavu. Kurasa za mwisho hazikuwepo.

"Ulijua?" aliuliza Bi Mkutubi.

"Nilijua, mama. Zilikosekana tangu Kilwa."

"Ukatoa maoni juu ya kitabu usichokimaliza?" Akavua miwani, akautazama muhuri wa ukurasa wa kwanza. Aliugonga yeye mwenyewe, kule Kilwa. Akaivaa tena. "Vikaratasi viendelee. Lakini ambacho hujakimaliza, usikiandikie. Na hizo kurasa atuambie huyu mama, maana ndiye aliyeelewa kuliko wewe."

Zuhura akatumalizia: mwanamke anauachia mlango wa lori, anarudi nyumbani, anachukua sukari yote, ndipo anaondoka kwa miguu. Baraza likapiga makofi. Fundi Hemedi alipiga mwishoni, taratibu.

Nilikaa Sudi miaka sita, kipindi kirefu kuliko vyote maishani mwangu. Zuhura akawa msaidizi wangu, na maoni yake yalikuwa makali kuliko yangu, kwa kuwa yeye alisoma mpaka mwisho. Kisha ule ugonjwa ukarudi. Sikugombana na mtu. Asubuhi moja nilifunga makabati, nikampa Zuhura ufunguo, nikaenda kituoni na begi lilelile.

Fundi Hemedi alinifuata kwa baiskeli, akanipa karatasi kwenye dirisha la basi. Ilikuwa na sahihi ya mkewe na muhuri wa maktaba, na penye jina la kitabu paliandikwa Bwana Vitabu:

"Kinachekesha. Kina maneno mengi. Tulikipenda nyumba nzima, ila kurasa za mwisho hazipo."