Mbuzi wa Miwani na Kizungu cha Shangazi

Katika mtaa wetu wa Malindi aliyejua kizungu alikuwa mtu mmoja tu, naye ni shangazi yangu. Hivyo ndivyo tulivyoamini, na sababu tulikuwa nazo. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwa Mtaliano mmoja mwenye nyumba ufukweni, akimpikia na kumlelea watoto, na tukienda naye sokoni aliweza kusimama na watalii akazungumza nao mpaka wakacheka. Mtaliano alipofunga nyumba yake kurudi kwao, alimwachia shangazi televisheni. Ilikuwa nzito kubeba, na kwao, alisema, tayari anayo ya rangi. Hii haikuwa ya rangi. Ukiiwasha, sauti ilitangulia, picha ikafuata baadaye kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Baba yangu alifunga waya za kunasia mawimbi juu ya boriti ndefu ya mkoko, akaisimamisha nyuma ya jiko la dadake, akaielekeza Mombasa. Kibla sote tulikijua kiko wapi. Mombasa ilibidi itafutwe, na ilitafutwa kila Jumamosi, baba akizungusha boriti na sisi tukimwambia kwa dirishani bado, bado, hapo hapo, umeipita.

Shangazi wakati huo alikuwa ndio kwanza ametoka eda. Mumewe, fundi wa mashine za boti, alikuwa amefariki ghafla, wala hawakujaaliwa mtoto. Nyumba ilikuwa ya marehemu. Kaka wa marehemu, mtu wa Mambrui mwenye mashamba na maneno ya taratibu, alianza kuulizia habari za nyumba hata kabla eda haijaisha. Kisheria alikuwa na haki yake, hilo hata shangazi hakulikana. Lakini kuna haki ambayo mtu akiidai mapema mno huonekana kama mwizi, na yeye aliidai arubaini haijasomwa.

Sisi watoto hayo hatukuyajua. Tulichojua ni kwamba stesheni ilikuwa moja, na kila Jumamosi baada ya laasiri ilionyesha katuni kutoka ng'ambo, Kiingereza kitupu mwanzo mpaka mwisho. Kulikuwa na mbuzi jike mwenye miwani, katika nyumba iliyo kando ya mto. Kulikuwa na bata mzinga mwenye kofia, ambaye kifua kilimtangulia kila alipokwenda. Na kulikuwa na chura aliyepita mara kwa mara kwa baiskeli, akapunga mkono, akaenda zake. Kiingereza chetu sote kikikusanywa kilitosha kumwamkia mwalimu anapoingia darasani. Basi tukamuuliza shangazi wanasema nini.

Alikuwa akichambua mchele. Akainua uso, akamtazama mbuzi kidogo. Mbuzi alikuwa akisema maneno mengi huku amenyoosha kwato.

"Anasema mumewe amefariki," shangazi akasema, "na nyumba hii waliijenga pamoja."

Hatukuwa na sababu ya kushuku. Ukimwangalia vizuri, mbuzi yule alikuwa na sura ya mtu aliyefiwa.

Wiki iliyofuata bata mzinga alisimama katikati ya njia, akainua bawa, na mbuzi akasimama. Shangazi akatuambia kwamba yule ni shemeji yake, na anamwambia hapa si pako tena. Tukamchukia bata mzinga papo hapo. Siku ya pili yake katika chuo cha Kurani, kabla maalimu hajafika, habari za mbuzi zilisimuliwa kwa waliokuwa hawana shangazi mwenye televisheni, na Jumamosi iliyofuata nao wakaja. Shangazi alitutajia hata rangi ambazo kioo hakikuwa nazo: miwani ya mbuzi ilikuwa ya kijani, na kofia ya mzinga nyekundu kama damu. Nimewahi kubishana na mtu mzima mwenzangu, sote tukiwa na watoto, juu ya wekundu wa kofia ile, wekundu ambao hakuna hata mmoja wetu aliyeuona.

Kisha wakaanza kuja mama zetu. Mwanzo walikuja kutuita twende tukaoge, wakasimama mlangoni. Baadaye walikuja na ukili wao wa kusukia mikeka, wakaketi mkekani mapema, na sisi wenye katuni yetu tukasukumwa nyuma. Hapo ndipo kipindi kilipofikia kilele chake. Sijui ng'ambo kilikotengenezwa kilipendwa kiasi gani, lakini sidhani kama huko wanawake wazima waliwahi kuiahirisha posa ili wasikikose.

Mama mmoja Mgiriama kutoka Tezo, aliyepanga chumba nyuma yetu na kuuza mboga, ndiye aliyekuwa na maswali. Jumamosi moja aliuliza kama huyu mbuzi hana ndugu wa kiume wa kumtetea. Shangazi akaitazama televisheni. Mbuzi alikuwa ubaoni akichora duara.

"Anaye mmoja," akasema mwisho. "Mpole sana."

Mama yangu akainamia ukili wake. Ndugu mwenyewe wakati huo alikuwa nje ameshika boriti, akiuliza kwa sauti kama picha imetulia. Sijui mama alimwambia nini chumbani, lakini wiki ile ile baba alivaa kanzu yake ya Idi akavuka mto Sabaki kwenda Mambrui kuzungumza na shemeji wa dadake. Alirudi amekula vizuri. Alisifu pilau, alisifu ukarimu, na suala la nyumba, alisema, hapakupatikana nafasi ya kulitaja.

Jambo lililowasumbua zaidi kina mama lilikuwa chura. Mbuzi walimjua, mzinga walimjua, hata ndugu mpole walikwisha mjua. Lakini chura wa baiskeli, ambaye kwa tafsiri ya shangazi alikuwa akipita kuuliza hali tu na kuondoka bila kusema la moyoni, ni nani? Kila mwanamume wa mtaani mwenye baiskeli alichunguzwa. Muuza samaki mmoja, mtu wa watu, alishangaa kuona anaangaliwa kwa huruma na wateja wake, na hakuwahi kuambiwa kwa nini.

Habari zilivuka mto. Jumamosi moja shemeji wa Mambrui akaja mwenyewe, kanzu imepigwa pasi, bakora mkononi, akasema amesikia hapa pana katuni nzuri. Wanawake wakajitanda vizuri na kujisogeza upande wa jikoni, lakini hakuna aliyeondoka. Shangazi akamwekea kiti mbele, akamletea kahawa na haluwa, maana mgeni ni mgeni. Mimi nilidhani leo atanyamaza.

Hakunyamaza. Alikaa pale pale pake, akatafsiri kwa sauti ile ile ya kila siku, wala hakumtazama mtu. Na bahati mbaya, au nzuri, siku ile bata mzinga alipuliza filimbi darajani, akateleza, akaanguka mtoni na kofia yake. Watoto tukacheka mpaka tukashikana mbavu. Kina mama hawakucheka. Walikuwa wakimtazama mgeni.

Mgeni akaweka kikombe chini.

"Huyu bata mzinga," akauliza, "ni nani hasa?"

"Ni shemeji yake," shangazi akasema.

"Na huyu mbuzi amemkosea nini?"

"Hajamkosea kitu, shemeji. Amefiwa tu."

Alimaliza kahawa yake, akashukuru, akaaga kwa adabu zote. Hakuwa mjinga mtu yule. Angegomba, angekuwa amekiri kwamba yeye ndiye mzinga. Alingoja likizo.

Likizo ilipofika alirudi na bintiye, msichana mrefu mwenye haya, aliyekuwa akisoma shule ya bweni Mombasa. Alituamkia sote mmoja mmoja, shikamoo hadi kwa mtoto wa darasa la nne, kwa wasiwasi aliokuwa nao. Babake akasema kwamba mtoto huyu anafundishwa Kiingereza na Waingereza wenyewe, na kwamba bibi wa nyumba lazima amechoka kufasiri kila wiki, basi leo apumzike. Shangazi akasema karibu, mwanangu, na akakaa.

Mbuzi akatokea, akanyoosha kwato. Chumba kizima kikamgeukia msichana.

"Anasema," akasema polepole, "baada ya tano inakuja sita."

Tukangoja. Mzinga akasimama njiani, akainua bawa. Msichana akasema mzinga anatuambia tutazame kulia, tutazame kushoto, halafu ndipo tuvuke. Mama wa Tezo akamuuliza mume wa mbuzi alikufa kwa maradhi gani. Msichana akamtazama babake, akasema kwamba mbuzi ni mwalimu wa watoto wadogo, na habari za mume hazijatajwa.

"Na nyumba je?"

"Ile ni shule."

Nakumbuka sauti ya mbuzi ikiendelea kuhesabu. Macho yote yakaenda kwa shangazi. Alikuwa amekunja mikono mapajani, wala hakuonekana mtu aliyefumaniwa.

"Kizungu chake ni cha Kiingereza," akasema. "Changu ni cha Italia."

Ilikuwa kweli tupu, na alikuwa hajawahi kudai vinginevyo. Sisi ndio hatukuwahi kufikiri kwamba vizungu ni vingi.

Shemeji aliondoka amefurahi, na Jumamosi ya pili yake nyumba ilijaa kuliko siku zote, maana watu walikuja kusikia ukweli. Ukweli siku ile ulikuwa kuhusu kupiga mswaki. Mama wa Tezo alisikiliza mpaka mwisho, akasema meno aliyobakiwa nayo ni machache na kuyasugua anajua, akabeba kikapu chake akatoka, na hakurudi tena. Jumamosi iliyofuata ukili ulikuwa ukisukiwa barazani kwa mtu mwingine. Msichana aliendelea kufasiri likizo nzima kwa uaminifu mkubwa, na sisi watoto tukajua kuhesabu kwa Kiingereza mpaka ishirini, jambo ambalo wazazi wetu walilisifu sana huku wakituonea huruma. Babake alikuja mara mbili zaidi, akasinzia mara zote mbili.

Baada ya hapo kipindi kilikufa kifo cha kawaida. Shule zilifunguliwa, msichana akarudi Mombasa. Tukambembeleza shangazi afasiri kama zamani, akakataa, akasema sasa tunajua kuhesabu tuhesabu wenyewe. Duka moja mjini likaleta video, na wavulana wakahamia huko kutazama watu wakipigana mateke. Stesheni ikarudia vipindi vile vile tangu mwanzo, kisha Jumamosi moja mbuzi hakutokea; badala yake alitokea bwana mmoja amesimama katika mahindi, akieleza mbolea. Tulimtazama mpaka mwisho, kwa heshima, halafu tukaenda kucheza.

Msichana alirudi likizo nyingine, peke yake. Alimkuta shangazi jikoni juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nami nikichochea moto. Alikaa kwenye kigoda, akazungumza habari za shule, za chakula kibaya cha bweni, kisha akauliza kwa sauti ndogo ulikuwaje mwisho wake, yule mjane. Shangazi akaendelea kukuna.

"Babako amekutuma?"

"Hajui kama nimekuja."

Basi shangazi akamwambia. Mbuzi alikwenda kwa Kadhi mwenyewe, kwa miguu yake, akaomba apewe kilicho chake na asipewe kisicho chake. Msichana akauliza kuhusu chura. Shangazi akasema chura ni chura, na akaomba apishwe achuje tui.

Sikujua kwamba lile la Kadhi lilikuwa limekwisha fanyika siku chache kabla. Shangazi alipata robo ya nyumba, ambayo ndiyo haki ya mjane asiye na mtoto, na Kadhi, baada ya kusikia kwamba nyumba ilidaiwa hata eda haijaisha, aliwashauri wagawane ili asiondoke pale. Ukuta ukajengwa katikati ya sebule. Shangazi akabaki na chumba cha mbele, ua kidogo na televisheni. Shemeji akachukua kwingine kote pamoja na mlango mkubwa wa nakshi, akapangisha. Alikuwa ameshinda, na mtaa mzima ulikubali kwamba ameshinda. Ila tangu siku zile hakuna mtu Malindi aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Mzinga, kwanza na watoto, kisha na wavuvi, na mwisho hata waliokuwa wakimtafuta wamlipe kodi walimuulizia kwa jina hilo bila kujua kwamba ni tusi.

Alipokuwa mzee na maradhi ya miguu yakamshika, alihamia upande wake wa nyumba ili awe karibu na hospitali. Bintiye alikuwa amekwisha olewa, akifundisha mbali, na mkewe alikuwa hapendi mjini. Shangazi alimpikia uji wa mtama kila asubuhi. Angeweza kumpa mtoto wa jirani apeleke, na nilimshauri hivyo, kwa sababu naye miguu ilikuwa imeanza kumuuma. Hakutaka. Alijitanda leso, akatoka na bakuli kwenye kimlango chake kipya, akazunguka ukuta, akasimama mbele ya mlango wa nakshi ambao mumewe aliuchagua mwenyewe, akabisha hodi, akangoja aambiwe karibu.