Moyo wa Bibi Chini ya Majivu

Bibi yetu alikuwa na mioyo miwili: mmoja alisafiri nao, mwingine aliuacha jikoni, chini ya majivu, katikati ya mafiga. Binamu yangu ndiye aliyeniambia, nami niliamini kuliko katekisimu. Bila hivyo angewezaje kuzunguka dunia nzima, Mbulu, Oldeani hadi Digodigo, kila binti yake anapojifungua, na asiliwe na simba? Na mbona kabla ya kupanda lori alifukia kitu jikoni na kutuonya, "Hiki kisizimike"?

Hadi leo nikinusa majivu yaliyomwagiwa maji, nageuka kutazama mlangoni.

Safari ile ya Digodigo, lori lilichelewa kurudi. Ikanyesha mvua ya kuogesha tembo wote wa Ngorongoro, paa la nyasi likaanza kuvuja juu ya mafiga. Tone la kwanza likalia tsss! Nikamwona Bibi akianguka porini. Nikainama juu ya majivu, mgongo wangu ukapokea maji yote.

"Toka hapo, utaungua!" mama akafoka.

"Nikitoka, Bibi atakufa!"

Akanivuta mkono, nikang'ang'ania figa. Mara mlangoni pakasimama khanga iliyolowa tope jekundu chapachapa: Bibi, mzima. Nikamweleza yote huku nalia. Akachokonoa majivu, chini yake kukang'aa.

"Moyo wangu ninao mwenyewe," akasema. "Hilo ni kaa la moto, mjukuu wangu. Madukani hakuna viberiti."