Sauti ya Shangazi Ndani ya Wimbo

Mtaani walimwita Mama Volumu, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani, na redio yake ilikuwa haiimbi, inafoka. Basi alipotangaza kwamba wimbo wa harusi ya mdogo wake wa mwisho atautengeneza yeye, kwenye kompyuta, tena bila bibi harusi kujua, mumewe aliziba masikio mapema.

Waimbaji walikuwa wanne: yeye, wadogo zake wengine wawili na shangazi yao, mama asiye na maneno mengi. Walirekodi katika chumba cha kushonea, katikati ya vitambaa vilivyotundikwa, maana humo hakukuwa na mwangwi. Kila mmoja aliimba peke yake mbele ya maiki, na kila sauti ikapata mstari wake ndani ya programu. Ngoma, besi na gitaa alipiga mumewe.

Kazi ya kuchanganya ilipoanza, mambo yakaharibika. Waimbaji hawasikiki; akawaongeza sauti. Ngoma ikapotea, akaiongeza. Gitaa nalo likamezwa; akaliongeza pia. Alama nyekundu zikawaka skrini nzima na spika zikaanza kukoroma.

"Mke wangu, unachanganya muziki au unasaga kokoto?"

"Kama unajua sana, njoo ukae hapa!"

Mumewe akavuta kiti. "Shusha vyote."

"Vyote?"

"Mpaka kimya. Kisha leta kimoja kimoja. Kikifunika kingine, kipunguze hicho hicho kinachofunika."

Akaanza na ngoma, akafuatisha besi. Gitaa lilipoingia, akagundua lina mvumo mzito unaogombana na besi. Akaukata, na papo hapo vyote viwili vikasikika vizuri. Sauti ya mdogo wake mmoja akaisogeza kwenye spika ya kushoto, ya mwingine kulia, yake mwenyewe akaiweka katikati. Alikuwa anapanga watu chumbani kwa kutumia masikio!

Ndipo akapandisha mstari wa shangazi, kidogo tu. Ikatoka sauti nzito, tulivu, iliyowashika wenzake wote kwa chini. Akasimamisha. Akarudia.

"Umesikia?"

"Nimesikia," mumewe akasema taratibu. "Miaka yote hii alikuwa wapi?"

Mama Volumu alijishusha sauti mwenyewe, akamweka shangazi katikati, kisha akatoka mbio na mita ya kupimia nguo shingoni kwenda kumwita.

Shangazi alisikiliza akiwa amesimama. "Anaimba vizuri. Huyo nani?"

"Ni wewe, shangazi!"

"Mwanangu, acha utani."

Mama Volumu akazima mistari mingine yote, ukabaki mmoja. Shangazi akaweka mkono mdomoni, akaketi juu ya rundo la vitambaa, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Kumbe! Mimi nilidhani nasindikiza tu. Rudisha hapo, rudisha!"

Siku ya harusi, wimbo ulipoanza ukumbini, bibi harusi alisimama katikati ya njia, akatega sikio. Kisha akamwacha bwana harusi hapo hapo, akainua gauni kwa mikono miwili, akakimbilia meza ya shangazi na kumkumbatia. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele, na wimbo ukaombwa tena na tena.

Wiki iliyofuata, shangazi alifika kwenye chumba cha kushonea bila kuitwa. Alikuwa ametunga wimbo wake mwenyewe.