Jua Limehama

Makosa yalikuwa yangu, na nayasema mapema kabla hajatokea mtu wa kunisemea. Mama aliponipigia simu kutoka Tanga kuuliza hali ya hewa ya Johannesburg mwezi wa Mei ikoje, nilimjibu, "Huku itakuwa vuli, Mama." Ndivyo kilivyotuambia kitabu cha jiografia shuleni: kiangazi cha wenzetu kikiisha inaingia vuli, majani yanapukutika. Sikukumbuka kwamba mama yangu hakukisoma kitabu kile. Kwake yeye vuli ni mvua.

Basi akashuka kwenye basi, baada ya siku tatu na ushee za njiani, mwavuli mkononi, viatu vya mpira miguuni na kanga mbili mabegani. Sweta hata moja hana! Mbingu ilikuwa bluu tupu, bila wingu hata la kusingizia, na upepo mkavu ulikuwa unazoa majani ya miti ya barabarani na kuyarundika kwenye mifereji. Mama akatazama juu, akautazama mwavuli wake, kisha akanitazama mimi.

"Vuli gani hii isiyo na mvua?"

"Mvua huku mpaka Oktoba, Mama."

"Basi hii si vuli. Hiki ni kivuli."

Nilicheka mpaka nikashika tumbo, pale pale stendi. Lakini kicheko hakikufika mbali, maana Mama hakuja kutazama hali ya hewa. Alikuja kumchukua binti yangu, na tiketi ya kurudi alishakata ya viti viwili.

Hilo nalo ni la mdomo wangu. Miezi michache nyuma nilimpa mwanangu simu amsalimie bibi yake. Alikuwa na miaka sita, amezaliwa hapa hapa Johannesburg, mtaa wetu wa Malvern. Kiswahili alikuwa anakisikia chote ila hakimtoki. Akijibu alijibu Kiingereza, akikasirika Kizulu. Akaishika simu kwa furaha zake na kusema, "Hello, Gogo!" Kwa Kizulu gogo ni bibi, tena neno la heshima. Mama angejuaje? Nikasikia sauti imepanda: "Kaniita gogo? Mimi gogo? La kupasulia kuni?" Nikaeleza, hakunisikiliza. Akaanza kulia, eti mjukuu wake hajui hata kumwamkia, eti nimempoteza mtoto. Na mimi nina hasira za karibu, barabara yetu ya Jules Street nzima inajua. Nikapayuka: "Basi njoo umchukue, umfundishe mwenyewe!" Nikakata simu. Kesho yake nilikuwa nimeshasahau. Mama hakusahau.

Mume wangu kazi yake iko Durban, huja mwisho wa mwezi. Nilipomwambia Mama anakuja na anakuja kufanya nini, alivuta pumzi akasema, "Si umesema mwenyewe?" Nikamjibu kwamba nimeshaona ni kosa. "Basi mwambie." Nimwambieje? Mtu ameuza mbuzi wake kukata tiketi. Nikaufyata, nikajipa moyo kwamba wiki tatu ni nyingi. Mama alitaka kuwa nyumbani kabla ya mwezi wa mfungo kuandama, kwa hiyo siku zilikuwa zinajulikana.

Tulikaa chumba cha uani. Nilikipanga mwezi wa Januari, jua likiwa kali, nikakisifu kwa ubaridi wake kama mtu wa pwani anavyosifu chumba. Mwenye nyumba alinitazama kwa mshangao. Ilipofika Mei ndipo nikaelewa. Jua la huku mwezi huo linapita upande mmoja tu wa mbingu, na chumba changu kimelipa kisogo. Nikiamka asubuhi nyasi za uani ni nyeupe kwa sakitu, bomba limeganda, na ndani kuna baridi kuliko nje. Humo humo ndimo ilimokuwa cherehani yangu, nami kutwa niko juu yake na soksi jozi mbili, maana Mei ndio mwezi wa zipu. Kila mtu anatoa jaketi la mwaka jana, anakuta zipu imekufa, ananiletea.

Jirani yangu wa nyumba ya mbele, mama wa Lubumbashi anayesuka nywele, alimwona Mama anatetemeka akamletea koti zito la mumewe. "Mama, vala hii. Baridi ya huku iko mubaya." Mama, ambaye hukusahihisha hata ukisema ukiwa usingizini, alilipenda lile neno. Kutwa akawa analo: "Iko mubaya, mwanangu, iko mubaya."

Siku ya tatu akagundua jua. Akatandika mkeka pale lilipo, akakaa. Asubuhi linaanzia karibu na bomba. Saa sita liko chini ya kamba ya nguo. Saa tisa limeegemea ukuta wa jirani, na saa kumi na robo limebaki kipande kwenye ngazi ya geti, upana wa watu wawili waliobanana. Ukilifuata hivyo, nakwambia, Mei ya Johannesburg ni raha tupu. Mwili unapata joto mpaka unasinzia, hewa inanuka nyasi zilizochomwa mbali huko, na hakuna jasho wala mbu. Ukichelewa kuhama, kivuli kikikukuta, ni kama umemwagiwa ndoo ya maji.

Mwanangu akirudi shule saa nane anamkuta bibi yake pale. Siku hiyo ya kwanza ya mkeka akamwambia kwa Kiingereza kwamba jua limeondoka, asogee. Mtoto akarudia, "Gogo, come!" Mama akatazama mbele.

"Mimi si gogo? Gogo haliendi."

Akakaa kivulini. Nikachungulia dirishani nikadhani utani, nikaendelea na zipu. Nilipochungulia tena midomo ya Mama ilikuwa imepauka na mikono anaisugua. Nikatoka mbio. "Mama, utapata kichomi! Inuka!" Akaninyooshea kidole. "Wewe rudi kwenye cherehani yako. Hapa nasubiri kuambiwa na mwenye kuniambia." Mtoto ananitazama mimi, anamtazama bibi yake, macho yamejaa machozi. Nilitaka kumbeba Mama na mkeka wake. Angenipigia kelele huyo! Nikarudi ndani nikasimama nyuma ya mlango.

Ikapita dakika moja, labda mbili. Kisha nikasikia sauti ndogo, imechanganyika na kwikwi:

"Bibi, jua... jua limehama."

"Eeeh!" Mama akaruka kama msichana. "Limehamia wapi, mjukuu wangu?"

"Ukuta."

"Ukutani. Haya, twende ukutani!"

Nililia nyuma ya mlango ule na uzi mdomoni. Kilikuwa kilio kizuri.

Kuanzia siku hiyo maneno yakaja kwa fujo. Walikuwa wanahama na jua, na kila kituo kina mambo yake. Bombani, Jumamosi na Jumapili asubuhi, wanahesabu. Chini ya kamba wanataja nguo. Ukutani ndipo penye hadithi na umbea. Mama alikuja na chupa ya mafuta ya nazi, akayakuta yameganda meupe kama mshumaa, akatangaza kuwa yamekufa. Wakawa wanayaweka juani kila siku yafufuke, na mtoto ndiye anayetoa taarifa: "Bibi, yamekuwa hai!" Blanketi la nailoni likivutwa linatoa cheche kwa ule ukavu, Mama anasoma ayatul kursiy, mjukuu anavuta tena makusudi. Watoto wa mtaani wakipita getini wanamsalimia, "Sawubona, Gogo!" naye anapunga mkono kama malkia. "Wote hao wajukuu zangu," ananiambia. Neno lililomleta kutoka Tanga likawa limeshakuwa jina lake.

Nikaanza kuamini kwamba mambo yamekwisha yenyewe. Mtoto anaongea, kuna sababu gani tena ya kumchukua? Wiki ya tatu, nakata uzi, mwanangu akaingia ndani, akasimama wima mbele yangu, na kunipa sentensi ya kwanza nzima ya Kiswahili aliyowahi kuniambia mimi.

"Mama, nataka kwenda Tanga na Bibi."

Jamani. Nilijitoboa kwa sindano. Nikamwambia kwa Kiingereza akacheze.

Jioni ya kuamkia safari nilimkuta Mama kwenye ngazi ya geti, kwenye kile kipande cha mwisho. Mtoto alikuwa kwa jirani akisukwa, awe nadhifu kwa ajili ya kumsindikiza bibi yake. Nikabanana naye. Nikasema sasa nisiposema sitasema tena.

"Mama, yale maneno ya simu nilisema kwa hasira. Usimchukue. Nakuomba."

Kivuli kilishafika kwenye vidole vya miguu yake, akavivuta.

"Nimekaa hapa uani wiki tatu nasikiliza," akasema. "Jirani anaongea na mtoto Kiswahili chake kile. Baba yake kwenye simu anaongea naye Kiswahili. Wewe je?"

Nikafungua mdomo.

"Wewe unamwambia harakisha kwa Kiingereza, nenda kalale kwa Kiingereza, nakupenda kwa Kiingereza. Kutwa umejifungia kwenye hilo jokofu. Mimi nikamlaumu mtoto. Kumbe niliyekuja kumchukua siye."

Nilitaka kubisha, na kwa kubisha sijambo. Lakini ni kweli, wateja wangu wa Kiingereza, haraka yangu ya Kiingereza, na mtoto nilimtupa humo humo kwenye mrundo.

"Atakwenda Tanga likizo, akikua, na wewe umpeleke," akasema Mama. "Nikimchukua sasa, wewe nani atakutoa nje?"

Nikaweka kichwa begani kwake, kwenye lile koti la mume wa watu linalonuka mafuta ya nazi. Tukakaa mpaka jua likaondoka kabisa, wala hatukuhama.

Asubuhi mtoto alilia stendi, nami nililia, na Mama akatukemea wote wawili kwa kumwaibisha. Kwenye kiti cha pili aliliketisha blanketi la nailoni, zawadi yangu, akalifunga mkanda. Mwavuli alituachia. "Wa vuli yenu," alisema.

Siku ile ile mchana nilirudi kwenye zipu, zilikuwa zimerundikana. Mwanangu alibaki uani peke yake na mkeka. Nilikuwa nimeinamia jaketi la mlinzi mmoja, zipu imegoma katikati, nikasikia mlango unasukumwa.

"Mama, jua limehama."

"Just now," nikasema bila kuinua kichwa. Neno la hapa hilo, maana yake ni saa yoyote kuanzia sasa hadi kesho.

Nikadhani ameondoka. Nikainua macho: yupo mlangoni, mkeka kwapani, anatazama mbele kama asiyesikia kitu. Uso ule naujua. Nilikua chini ya uso ule.

Nikaweka mkasi mezani.

"Limehamia wapi, mwanangu?"

"Ukutani," akasema, akanishika mkono. "Twende, mikono yako iko mubaya."