Lifti Iliyojiona Tupu

Dada yangu hajui kutulia. Akiketi, goti linacheza. Akitoka nyumbani, lazima arudi kulitikisa kufuli alilolifunga mwenyewe. Ndiyo maana tukambandika jina la Kufuli, na Mama, aliyemzaa, ndiye anayelitumia kuliko sisi sote.

Kazi yake ni kuandika programu zinazoendesha lifti. Mimi ni fundi wa makochi. Ninayoyajua kuhusu kompyuta amenilisha yeye kwa nguvu, chakula kikipoa.

Wiki ile Mama alikuwa anahamia ghorofa ya nne ya jengo jipya, ambako magoti yake yangepumzika kwa sababu kulikuwa na lifti. Programu ya lifti hiyo ilitoka ofisini kwa dada. Ungetegemea afurahi. Wapi. Alikuja kwangu siku moja kabla, akawa anazunguka jikoni akifungua makabati na kuyafunga bila kuchukua kitu, akitaka tuahirishe.

Mizani iliyo chini ya sakafu ya lifti ilikuwa mpya, ya kupima kwa gramu kumi kumi, kwa hiyo namba zake zilikuwa kubwa. Programu ilikuwa ya zamani, na nafasi iliyotengewa uzito ilikuwa finyu. Uzito ukipita kilo mia sita hamsini na ushee, namba haimwagiki kama maji kwenye ndoo iliyojaa. Inaanza upya kutoka sifuri, kimyakimya. Kompyuta ilikuwa imetoa onyo kwamba namba kubwa inaingizwa mahali padogo, lakini bosi wake akalazimisha namba ibadilishwe ienee humo, kwa neno moja tu la programu, na onyo likazimika.

"Kubadilisha si kosa," dada aliniambia. "Kosa ni kutouliza kwanza. Namba, utaenea humu? Hujazidi, wala hujashuka chini ya sifuri? Haienei, unaikataa na lifti haiondoki. Ni mistari miwili mitatu."

"Si waliijaribu?"

"Walipakia mifuko ya mchanga. Ilipozidi kilo mia sita kengele ikalia, wakapiga makofi. Nikasema waongeze mifuko. Bosi akaniambia, kengele imeshalia, unataka iimbe?"

"Sasa ameweka hiyo mistari au hajaweka?"

"Anasema ameweka. Nimeomba nione, ananiambia nimwamini."

Nilicheka. Mtu asiyeliamini kufuli lake aje aamini mdomo wa bosi? Nikamwambia aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hakucheka, na kusema kweli aliniudhi, maana wasiwasi wake unaambukiza na mimi nilitaka kula.

Lori lilifika asubuhi. Dada alimsihi Mama asubiri kidogo.

"Nyumba nimeshakabidhi funguo," Mama akajibu. "Nilale kwenye lori?"

Basi dada akatuomba tupandishe vitu kidogo kidogo, tukaitikia. Kisha akapanda ngazi kwenda kufungua mlango wa juu, maana lifti yenyewe hakutaka kuikanyaga. Alipotupa kisogo tu, shemeji, mumewe, akashika usukani. Shemeji ni mtu ambaye safari mbili kwake ni msiba. Tukaingiza kabati, cherehani ya chuma, kochi, na Mama juu ya kochi, kisha wabebaji, kisha toroli la maboksi ya vigae. Kengele ikalia.

"Tupunguze," nikasema.

Lakini shemeji alikuwa ameshalipandisha toroli la pili kizingitini, hakuwa na moyo wa kulirudisha. Akalisukuma ndani, naye akajibana nyuma yake. Kengele ikanyamaza.

"Mnaona?" akasema. "Imekubali."

Tukashangilia. Hata mimi niliyelishwa habari yote jikoni.

Milango ilikuwa imeanza kujifunga dada aliposhuka mbio. Alikuwa ameanza kushuka kengele ilipolia, na akiwa karibu chini akaisikia ikinyamaza. Akajibandika katikati ya milango, mgongo huku, mikono kule.

"Tokeni. Mama kwanza."

"Si imenyamaza?" shemeji akasema.

"Ndiyo maana. Tokeni."

"Kufuli, na leo tena?" Mama akalalamika, lakini alimtazama mwanawe usoni, akanyanyuka.

Mama akatoka. Shemeji akalivuta toroli lake nje akinung'unika. Gurudumu la mwisho lilipogusa sakafu ya ukumbi, kengele ikaanza kulia.

Shemeji aliutazama mlango, akalitazama toroli. Tulikuwa tumepunguza mzigo, na ndipo lifti ilipoona umezidi. Dakika moja kabla, Mama akiwa ndani, ilidhani imebeba kitoto kimoja.

Dada alimpigia bosi akaweka spika.

"Mbona naisikia inalia?" bosi akasema. "Si inafanya kazi?"

"Inalia kwa sababu tumeshusha vitu. Vilipokuwa ndani vyote ilinyamaza. Mama yangu alikuwa ndani."

Bosi akasema, kwa sauti ambayo sikuitegemea, "Nilikusudia kuiweka ile mistari leo jioni. Na lifti ya hospitali, yenye programu hii hii, imefunguliwa asubuhi hii."

"Wapigie waizime."

"Sawa, nitawa—"

"Hapana," dada akasema. "Waunganishe kwenye simu hii hii. Nataka nimsikie anayeizima."