Chafya ya Shemeji

Harufu iliyobaki puani mwangu kutoka mwaka ule ni ya nepi. Si nepi hizi za dukani za kuvua na kutupa. Nasema nepi za kitambaa, zilizofuliwa kwa sabuni ya kipande na kuanikwa kwenye kamba jikoni, kwa sababu huko nje mvua ya masika ilikuwa imekataa kabisa kupumzika. Zilikauka kwa moshi. Ukichanganya moshi huo na maziwa yaliyofurika mekoni, na ule ubichi wa majani chai ulioingia na aproni ya mama kila jioni, basi umeipata hewa ya nyumba yetu, kwenye mteremko mmoja chini ya Sosiot, huko Kericho, msimu aliozaliwa ndugu yangu. Nilikuwa na miaka tisa. Nilijua kufunga nepi kwa pini bila kumchoma mtoto, nilijua kumbeba mgongoni kwa leso na kuruka mtaro naye, na kwa hesabu yangu mimi nilikuwa mama kamili niliyecheleweshwa tu na darasa la nne. Majivuno niliyokuwa nayo, aki, yangewatosha watu watatu.

Kabla ya mtoto kuja tulikuwa wanne. Baba, mzee wa kanisa, mtu wa tai na Biblia yenye zipu. Mama, ambaye mikono yake ilichuma majani haraka hata akiwa anaongea na mtu nyuma yake. Mimi. Na Kogo, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikipsigis, mama yake baba. Babu yangu Chumo alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na Kogo alikuwa hajaweza kukitua kifo hicho. Siku ile babu aliamka kifua kikimbana, akamwambia, "Leo usiende chai. Kaa na mimi." Lakini jana yake lori la kiwanda halikufika, na majani yetu yalikuwa yamelala kwenye gunia yakianza kupata joto. Kogo akamwekea babu uji kando ya kitanda, akamfunika vizuri, akamwambia anarudi sasa hivi. Lori likachelewa tena. Foleni ya mizani ikawa ndefu. Aliporudi saa nane alikuta uji umeganda na mzee ameenda. "Ameniacha akiwa na hasira," ndivyo alivyosema matangani, na hakuna pasta wala jirani aliyeweza kumtoa kwenye neno hilo.

Kwetu mtoto haji na jina moja. Kuna jina la saa aliyozaliwa, ndiyo maana ndugu yangu ni Kiplangat, aliyekuja jioni. Kuna la ubatizo. Na kuna la jamaa aliyekufa ambaye anarudi kwa mtoto huyo, na hilo halichaguliwi na mtu. Wanawake wa nyumba huketi na mtoto mchanga, wakaita marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na mtoto akipiga chafya jina fulani linapotajwa, basi huyo ndiye aliyekuja. Wengine humnusisha mtoto ugoro kidogo ili mambo yaende haraka. Kogo alikataa ugoro mapema kabisa, mama akiwa bado na tumbo. "Anayetaka kuja kwangu atakuja mwenyewe," alisema. Tumbo lilipokuwa kubwa alikuwa akilitazama kama mtu anayesubiri barua. Aliniambia mimi, tukichambua maharagwe, jambo ambalo nadhani hakumwambia mtu mzima yeyote: "Chebet, mzee wangu akija, nitajua amenisamehe." Kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Nilijua vizuri sana.

Siku ya kuita majina ilikuwa asubuhi ya nne tangu azaliwe. Senge, yaani shangazi, dada yake baba, alikuja kutoka Kedowa na kuku wawili kwenye kikapu. Baba, kwa cheo chake kanisani, hakutaka kuonekana karibu na mambo ya wahenga, lakini hakutaka pia kuyakosa, hivyo akasimama nje ya dirisha akijifanya anakagua kwato za ng'ombe. Ng'ombe yule alikaguliwa siku hiyo kuliko ng'ombe wa maonyesho. Mimi nililia mpaka nikaruhusiwa kumpakata mtoto. Mama alikuwa amechoka, anakunywa uji, na akasema niachiwe, lakini nisisogee. Nikaketi kwenye mkeka, miguu nimenyoosha, mtoto amelala fofofo kwenye blanketi la sufu ambalo Senge alilileta, na katika chumba cha pili kuku wote wawili walikuwa wanachemka. Sheria ilikuwa wazi: hakuna anayekula kabla ya chafya.

Kogo alianza na mume wake. Akamsogelea mtoto, akaita kwa sauti ya mtu anayebisha mlangoni kwake mwenyewe: "Chumo. Ni wewe? Chumo, umekuja?" Mtoto akalala. Akaita tena. Mtoto akapindua mdomo, wote tukashika pumzi, kumbe ni gesi. Akaita mara ya tatu kisha akaketi, akafuta uso, akasema, "Wacha nipumzike. Nitarudi kwake." Senge akachukua zamu, akawapitisha wajomba na mababu ambao mimi sikuwahi kuwasikia, akiwaita kwa mzaha, huyu mwenye meno, yule aliyeogopa kondoo. Mtoto hana habari. Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi. Harufu ya kuku ilikuwa inanitoa machozi. Na pale kwenye blanketi, karibu na kidole changu, ulikuwa umechomoza uzi mmoja wa sufu. Nikauvuta. Sikupanga, naapa. Nilitaka tu ile shughuli iishe tule. Wakati Senge anacheka anamwita Sigei, nikaupitisha ule uzi kwenye tundu la pua ya mtoto.

Chafya! Chafya kubwa ya mtu mzima, mpaka mikono yake ikaruka. Senge akapiga vigelegele, mama akacheka uji ukamwagika, na huko nje hata baba alisahau ng'ombe wake akasema "Eeh!" kwa sauti. Mimi niliufinya uzi kwenye ngumi. Ndipo nikamwona Kogo. Alikuwa bado ameketi, mikono mapajani, anatabasamu lile tabasamu la mtu aliyekanyagwa na mgeni. Sigei alikuwa kaka mkubwa wa babu, na alikuwa amekufa miaka mingi kabla yake. Mtu wa kelele, mpenda nyama, mwenye kipaji cha kuingia katika nyumba za watu ugali ukipakuliwa. Yeye na Kogo hawakupatana hata siku moja, kwa sababu aliwahi kumwambia mbele ya watu kwamba ndugu yake ameoa mwanamke anayependa majani chai kuliko mume. Huyo ndiye niliyemfungulia mlango. Tulikula kuku. Nilikula sana. Sikumbuki kama Kogo alikula.

Baada ya hapo ikawa vichekesho, na ninakubali kwamba nilicheka kuliko wote. Nyanya wa kwetu humwita mjukuu wa kiume mume wake, hata awe na jina la nani. Ni utani wa kawaida, na wana wa Senge wote Kogo aliwaita "mzee wangu" na kuwauliza watamletea nguo gani. Lakini huyu alimwita shemeji. Na hakutumia neno la kwetu, alichukua lile la Kiswahili alilolijua zamani alipokuwa kibarua katika mashamba makubwa pamoja na Wakisii na Waluhya, neno la kazini, la watu wanaoheshimiana kwa mbali. Kinywani mwake lilitoka "semechi." Alimwogesha kwenye karai huku amegeuza uso kando kwa adabu: "Semechi, inua mkono. Semechi, samahani, hapa pia lazima paoshwe." Majirani walikuja kunywa chai kusudi tu wasikie. Mtoto akimtapikia, "Semechi hajaacha mambo yake." Akilia wakati wa sala ya chakula, "Semechi hapendi kucheleweshewa." Alipomkojolea pasta kwenye koti siku ya ubatizo, kanisa zima likatugeukia sisi, na Kogo akasema kwa utulivu, "Nilijua."

Kila shule ilipofungwa, siku za wiki nilikuwa ndiye mlezi, kwa sababu mama alikuwa amerudi kwenye majani. Nilimpeleka mtoto kwake shambani saa nne na saa nane akanyonye. Mama aliketi juu ya gunia kati ya mistari ya chai, aproni ya plastiki ikitiririka maji, anamnyonyesha kwa mkono mmoja na kwa mwingine anatoa majani yaliyokomaa ndani ya kikapu. Kiplangat alijua kuuma kabla ya kuota meno. Alikula udongo. Alikula jani la chai, akatema, akatutazama kama sisi ndio tuliomdanganya. Alimpenda Kogo kupita kiasi, na hilo ndilo lililonisumbua nilipoanza kuona. Akimwona tu, alinyoosha mikono yote miwili, mwili mzima ukicheka. Na Kogo alimpokea vizuri, akamfuta makamasi, akampa kijiko cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni, kisha akamrudisha kwangu upesi kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani.

Kisha likaja lile swali. Ilikuwa mchana, mvua imetulia kidogo, tunamwogesha mtoto nje kwenye jua dogo. Kogo alikuwa anamsugua mgongo. Bila kuniangalia akasema, "Chebet. Wewe ndiye uliyempakata siku ile."

"Ndiyo, Kogo."

"Nilipomwita Chumo. Hakushtuka hata kidogo? Hata kidole?"

Nilikuwa na nafasi hapo kubwa kama uwanja wa shule. Ningesema, Kogo, ni mimi, ni uzi, nilikuwa na njaa, yule si Sigei, mwite tena mzee wako. Fimbo ningechapwa mbili tatu na baba, ningenuna, na jioni tungekaa tuanze upya. Lakini Kogo alikuwa ananisifu kwa watu kwamba mimi ndiye mtoto wa kutegemewa katika nyumba hii, na niliipenda sifa hiyo kuliko nilivyompenda yeye. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna haja ya kuipamba.

"Hapana, Kogo," nikasema. "Alilala tu."

Akatikisa kichwa polepole. Akammwagia mtoto maji ya mwisho. "Basi ndivyo alivyoamua," akasema, na akaniomba nimpe taulo.

Kogo alitutoka miaka sita baadaye, wakati wa mavuno ya mahindi. Mara ngapi niliamua kumwambia katika miaka hiyo, hata sihesabu. Kwanza niliogopa fimbo, kisha niliogopa aibu, na mwishowe nilijidanganya kwamba ameshasahau. Hakusahau. Juma lake la mwisho nilimsikia akimwambia Senge kwamba huko aendako hajui kama kuna mtu atamkaribisha.

Siku hizi mambo ni mepesi, na sisemi kwa ubaya. Mke wa Kiplangat amejifungua mtoto wa kiume hospitalini Kericho mwezi uliopita, na jina lilikuwa limeshachaguliwa kwenye simu tangu mimba ya miezi mitano, likaandikwa kwenye keki. Nepi ziko kwenye pakiti zenye picha ya mtoto wa Kizungu. Nguo zote zinanukia maua ambayo hayaoti kwetu. Hakuna aliyetaja kuita majina ya marehemu, na mimi, ambaye sasa ndiye senge wa nyumba, sikutaja. Nilienda kuwaona na chupa ya mursik, nikampakata mtoto, na ghafla akapiga chafya, hivi hivi tu, pasipo mtu kuitwa. Kila mmoja akasema "pole baba" wakaendelea na simu zao. Mimi nikaanza kulia, mwanamke mzima.

Kiplangat akanitoa nje kwenye baraza, na hapo nikamwambia yote. Uzi, kuku, Chumo, Sigei, swali la Kogo pale kwenye karai. Alicheka, ni lazima, ni mtu wa kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo. "Yaani miaka yote hii nimekuwa mlafi wa bure, kwa jina la mtu ambaye hata si mimi!" Kisha akawa anazitazama kucha zake. Yeye ni mwalimu, ana mvi mbili tatu, lakini uso aliokuwa nao wakati ule nilikuwa sijauona tangu alipokuwa mdogo.

"Unajua Kogo hakuniita mzee wake hata mara moja," akasema. "Wana wa Senge wakija likizo, wote anawaita. Nilikuwa najipanga kwenye mstari pamoja nao. Akinifikia mimi ananisalimia kwa mkono."

Nikamwambia najua, nilikuwepo.

"Mimi nilidhani hanipendi, Chebet. Nilidhani kuna kitu nilimfanyia nikiwa mdogo sana, ambacho watu wananificha."

Miaka yote nilikuwa nimejihesabia kosa kwa mtu mmoja, Kogo, aliyekufa akiamini hajasamehewa. Huyu wa pili alikuwa mgongoni kwangu muda wote ule, na sikumwona. Akaniuliza kama nadhani kweli angepiga chafya kwa Chumo, kama Kogo angerudi kuita mara ya nne. Nilitaka sana kumwambia ndiyo. Nikamwambia sijui.